Kunoa msumeno na visu kwa mkono: mwongozo kamili wa mnoaji wa mtaani Kigoma

Kigoma haina uhaba wa vyuma butu. Mwalo wa Kibirizi una visu vya kupasulia migebuka na kuhe, soko la Mwanga lina wauza nyama na mama lishe, Ujiji ina maseremala na mafundi wa mitumbwi wenye misumeno, na wavunaji wa michikichi wanatumia mapanga na mashoka karibu kila siku. Mnoaji anayekosa wateja mara nyingi ni yule anayenoa kila kitu kwa jiwe la baiskeli, kwa pembe moja, akipima kazi yake kwa wingi wa cheche. Kisu kinarudi kinang'aa, baada ya siku mbili kimekuwa butu tena, na upana wake umepungua.

Chuma unachokiondoa hakirudi. Kisu cha mvuvi na msumeno wa seremala ni mtaji wa mwenyewe, na kila unaponoa unakula sehemu ya mtaji huo. Kwa hiyo jiwe linalozunguka litumike kurudisha umbo lililoharibika tu. Makali yenyewe yatengenezwe kwa mkono, kwa jiwe la maji au tupa. Maelekezo yote yanayofuata yanatokana na hapo.

Vifaa vya kuanzia

Huhitaji vingi. Nunua tupa tatu za pembetatu, za inchi 5, 6 na 7, zile nyembamba. Ongeza tupa bapa moja ya inchi 10, jiwe la mkono, yaani hilo jiwe la maji, lenye pande mbili (namba 120 upande mmoja na 240 upande wa pili, namba ikiwa ndogo, chembe zake ni kubwa na linakula haraka), kipande cha ngozi ya mkanda wa zamani kilichogongomewa kwenye ubao, brashi ya waya, chaki, kopo la maji la lita tatu au zaidi, na miwani ya kazi. Ukipata jiwe laini la namba 1000, visu vya samaki vitakulipa fadhila.

Kila tupa iwe na mpini. Mkia wa tupa usio na mpini unatoboa kiganja pale tupa inapokwama ghafla, na jeraha hilo ni la kulala nyumbani wiki nzima. Tupa inakata inaposukumwa mbele tu. Ukiirudisha huku umeikandamiza, unavunja meno yake na inakufa mapema. Isukume, iinue, irudishe hewani. Paka chaki kabla ya kuanza ili unga wa chuma usijaze mifereji, na uisugue kwa brashi ya waya kila unapoona mng'aro wa chuma umenasa. Usizitupe tupa zote kwenye boksi moja zikigongana. Ifunge kila moja kwa kitambaa.

Jiwe la mkono likitumika sana huchimbika katikati, na jiwe lenye bonde haliwezi kutoa makali yaliyonyooka. Lisawazishe kwa kulisugua juu ya sakafu ya saruji iliyonyooka, ukiweka mchanga mkavu na maji, hadi alama za penseli ulizochora juu yake zifutike zote. Kwa visu vya chakula tumia maji kwenye jiwe, usitumie oili ya injini.

Baiskeli ya kunolea

Mtambo wa kawaida ni baiskeli ya inchi 28 iliyosimamishwa kwenye stendi, gurudumu la nyuma likiwa hewani bila tairi. Mkanda unakaa ndani ya rimu na kuzungusha puli ndogo iliyofungwa kwenye shafti ya jiwe. Rimu ina kipenyo cha takriban sm 62. Ukiweka puli ya sm 6, jiwe linazunguka mara kumi kwa kila mzunguko mmoja wa rimu. Mtu anayepiga pedeli kwa utulivu, mizunguko 60 kwa dakika, kwa gia za kawaida za baiskeli hizi anafikisha jiwe kwenye mizunguko 1,400 hivi. Hiyo inatosha kabisa kwa jiwe la inchi 6. Wapo wanaofunga puli ya sm 3 ili jiwe liende kasi maradufu. Faida haipo: joto linapanda, makali yanaungua, na unakaribia kasi ya juu ambayo mawe mengine hayastahimili. Kasi hiyo imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa jiwe. Isome kabla hujaibandua.

Chagua jiwe lenye alama A, ambalo ni la kunolea vyuma vya pua, la namba 60 au 80. Kabla ya kulifunga, lining'inize kwenye kidole au kijiti na uligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi wa mbao. Jiwe zima linalia. Likitoa sauti ya kufa lina ufa, na jiwe lenye ufa likipasuka kwenye mwendo linaweza kuua. Livunje kabisa ili mwingine asiliokote. Kati ya jiwe na washa za chuma weka duara za karatasi ngumu kila upande, kaza nati kiasi, kisha lizungushe tupu kwa dakika moja ukiwa umesimama pembeni.

Usinolee kwenye ubavu wa jiwe, na usilipitishie shaba wala aluminiamu, kwa kuwa metali hizo laini hujaza vitundu vyake. Jiwe lililojaa hung'aa na kutoa joto bila kukata. Lifufue kwa kusugua uso wake na kipande cha jiwe la kunolea lililovunjika. Usivae glovu karibu na kitu kinachozunguka, na mikono ya shati ikunjwe.

Adui mkubwa wa baiskeli ni moto. Chuma kilichochovywa na mhunzi ili kiwe kigumu kinaanza kubadilika rangi kikifika nyuzi joto 220: kwanza manjano hafifu, kisha kahawia, zambarau, na buluu karibu na 300. Kisu kikigeuka buluu kwenye makali, ugumu wake pale umeondoka; utakinoa leo na kesho kitajikunja. Ncha ndiyo inayoungua mapema kwa kuwa ni nyembamba na joto halina pa kwenda. Pitisha kisu kwenye jiwe kwa sekunde mbili au tatu, kichovye majini, rudia. Shika kisu kwa vidole vitupu: kikishindikana kushikika, ulishachelewa kukichovya. Buluu ikitokea, dawa ni kuiondoa yote polepole kwa jiwe la maji hadi kwenye chuma kizima, na hicho ndicho chuma ulichompotezea mteja.

Kiweke kisu ili jiwe likimbie kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali. Likija kinyume, makali yanaweza kujichimbia kwenye jiwe na kisu kikarushwa.

Visu

Anza kwa swali: "Mama, kisu hiki unakatia nini?" Jibu lake ndilo linaloamua pembe. Kisu cha kupasulia samaki na cha nyama laini kinataka nyuzi 15 kila upande. Cha jikoni kinachokata kila kitu, nyuzi 20. Panga, nyuzi 25. Huna haja ya kifaa cha kupimia pembe. Pima upana wa kisu kutoka mgongoni hadi kwenye makali, kilaze juu ya jiwe, kisha inua mgongo kwa robo ya upana huo: hapo una nyuzi 14 hadi 15. Theluthi ya upana inakupa nyuzi 20 kasoro kidogo. Panga la upana wa sm 5 ukiliinua sm 2, uko kwenye nyuzi 24. Kata kipande cha mti kirefu kiasi hicho, kiweke chini ya mgongo mara mbili tatu za mwanzo mpaka mkono uzoee.

Jaribu ugumu wa chuma kwa kona ya tupa karibu na mpini. Tupa ikiuma kirahisi, chuma ni laini, na hata kama mteja anataka kisu chembamba mwongezee nyuzi 3 au 5, la sivyo makali yatalala. Visu vya wahunzi vilivyotengenezwa kwa springi za gari ni vigumu na vinashika makali vizuri, ila vinapata kutu. Kwenye jiwe linalozunguka utavitambua kwa cheche nyeupe zinazopasuka kwa wingi. Kisu cha stenlesi kinatoa cheche fupi, chache, za rangi ya machungwa.

Kazi yenyewe ni hii. Loweka jiwe dakika kumi. Anza na upande wa namba 120 kama kisu kina mapengo, vinginevyo nenda moja kwa moja kwenye 240. Sukuma kisu kana kwamba unataka kukata gamba jembamba la jiwe, kutoka kisigino hadi ncha, ukiinua mpini kidogo unapoikaribia ncha ili pembe isibadilike. Endelea na upande huo huo mpaka usikie kwa kidole, ukikipitisha kutoka mgongoni kwenda nje, mkunjo mwembamba wa chuma uliojitokeza upande wa pili kwa urefu wote wa kisu. Mkunjo huo ndio ushahidi kwamba umefika kwenye makali. Wanoaji wengi wanakosea hapa: wanahesabu mipigo, kumi huku na kumi kule, bila kuutafuta mkunjo. Kama haujatokea kisigino, kisigino bado ni butu hata ukipiga mara mia.

Geuza, fanya hivyo upande wa pili. Kisha punguza nguvu na pitisha upande mmoja mmoja kwa zamu, mara tano au sita, mguso ukizidi kuwa mwepesi. Malizia kwenye ngozi, ukikivuta kisu kwa kutanguliza mgongo, mara kumi kila upande. Ukiuacha mkunjo bila kuuondoa, kisu kitakata nyanya ya kwanza vizuri mno, kisha mkunjo unakatika na mteja anarudi akilalamika. Hiyo ndiyo sababu ya visu vingi vya "kunolewa juzi" kuwa butu leo.

Kukagua, geuza makali juu uyatazame kwenye jua. Makali halisi hayaonekani. Penye butu panarudisha mwanga kama kijistari. Halafu gusisha makali kwenye ukucha wa kidole gumba bila kusukuma: yakiuma, yako tayari, yakiteleza, rudi kwenye jiwe.

Panga na shoka havihitaji jiwe laini. Libane panga kwenye jiriwa, pitisha tupa bapa kwa pembe ya nyuzi 25, kisha lainisha bega, yaani kona ambapo pembe hiyo inakutana na ubavu wa panga, ili mteremko wa makali uwe wa mviringo. Panga la kukatia mikungu ya chikichi likinolewa mpaka likawa jembamba kama kisu cha samaki litapata mapengo siku hiyo hiyo. Mkasi wa fundi cherehani unanolewa upande mmoja tu, ule wa nje wenye mteremko, kwa kufuata mteremko uliopo. Uso wa ndani usiuguse zaidi ya kuondoa mkunjo, maana nyuso hizo mbili zikiachana kitambaa kinajikunja badala ya kukatika.

Msumeno

Hapa ndipo fundi anapotofautiana na mpiga pedeli. Msumeno haupelekwi kwenye jiwe linalozunguka hata mara moja.

Kwanza uliza kama unanoleka. Misumeno mingi mipya ya madukani ina meno yaliyochomwa yakawa magumu kuliko tupa. Utayaona yana weusi au ubuluu kwenye vichwa. Jaribu jino la mwisho karibu na mpini: tupa ikiteleza kama kwenye kioo, mrudishie mwenyewe kwa heshima, umweleze kwamba msumeno huo hautengenezwi kunolewa. Ukilazimisha utaua tupa na msumeno utabaki ulivyo.

Pili, ujue ni msumeno wa kupasua au wa kukata. Wa kupasua hufuata urefu wa ubao: meno yake ni makubwa, vichwa 5 au 6 ndani ya inchi moja, uso wa mbele wa jino umesimama karibu wima, na kila jino linachimba kama patasi ndogo. Wa kukata huvuka nyuzi za mti: vichwa 8 hadi 12 kwa inchi, uso wa mbele umelala nyuma kama nyuzi 15, na kila jino lina ncha ya kisu pembeni, moja kushoto, lingine kulia. Ukinoa wa kukata kwa mtindo wa kupasua, utachana ubao badala ya kuukata.

Tupa ya inchi 7 inafaa vichwa 5 na 6, ya inchi 6 vichwa 7 na 8, ya inchi 5 vichwa 10 na zaidi. Kipimo cha kuaminika zaidi ni hiki: upande mmoja wa tupa uwe mpana kuliko kina cha jino mara mbili na ushee, ili ukiigeuza tupa kila kona ikute sehemu mpya.

Safisha bapa la msumeno kwa mafuta ya taa, ondoa ulimbo na kutu. Ubane msumeno kati ya mbao mbili zilizonyooka, mabonde ya meno yakiwa juu ya mbao kwa milimita 3 hadi 5 tu. Ukiuinua zaidi, bapa litatetemeka na tupa itapiga kelele. Kelele hiyo ni meno ya tupa yanayovunjika.

Sasa sawazisha vichwa. Laza tupa bapa juu ya mstari wa meno, kwa urefu, ipitishe kutoka mpini hadi ncha mpaka kila kichwa kipate kijidoa kinachong'aa. Mipigo miwili au mitatu mara nyingi inatosha. Jino lililovunjika liache. Ukisawazisha msumeno mzima ili kulifikia, utakula upana ambao ungetumika miaka kadhaa. Jino moja au mawili yakikosekana msumeno unakata vizuri tu, na pengo litajaa lenyewe kadiri unavyonolewa. Kwenye mitumbwi inayokarabatiwa, pengo kama hilo kwa kawaida ni la msumari uliofichwa kwenye ubao wa zamani. Mwambie fundi autafute kwanza.

Baada ya kusawazisha angalia kama meno yanahitaji kupindwa, yaani moja kushoto, lingine kulia, ili njia ya msumeno iwe pana kuliko bapa. Si lazima kila unaponoa. Mara ya tatu au ya nne, au msumeno unapobanwa. Bapa la kawaida lina unene wa karibu milimita 0.9, na njia isizidi mara moja na nusu ya hapo. Weka rula ya chuma juu ya meno ubavuni: kati ya rula na bapa ipite karatasi mbili za fotokopi, kila moja ikiwa na unene wa milimita 0.1. Hiyo ni kwa mbao kavu kama mninga mkavu. Kwa mbao mbichi ongeza karatasi ya tatu, kwa kuwa nyuzi mbichi zinavimba na kubana. Kama huna koleo la kupindia, kata mfereji wenye unene wa bapa kwenye kipande cha chuma bapa, kina chake kisizidi nusu ya jino. Pinda nusu ya juu tu. Ukipinda kutoka shinani jino linapasuka, na ukikosea upande usilipinde mara ya pili kwa nguvu, litakatika.

Kunoa kwenyewe: simama, mpini wa msumeno ukiwa kulia kwako. Anza kwenye ncha. Tafuta jino la kwanza lililopindwa kuja kwako, weka tupa kwenye bonde lililo kushoto kwake. Kwa msumeno wa kupasua, tupa ikate bapa kwa pembe mraba. Kwa wa kukata, sogeza mpini wa tupa kuelekea ncha ya msumeno kwa nyuzi 20. Kwa mbao ngumu sana nyuzi 15 zinadumu zaidi. Tupa ibaki mlalo, isiinuke wala kushuka. Sukuma mara mbili au tatu, hadi vijidoa vya meno mawili yanayolizunguka bonde hilo vipungue nusu. Ruka bonde moja, ingia linalofuata, mpaka mwisho. Geuza msumeno, mpini uwe kushoto, anza tena kwenye ncha: jino la kwanza lililopindwa kuja kwako, ila sasa bonde la kulia kwake, mpini wa tupa ukielekea ncha vilevile. Ondoa nusu ya doa iliyobaki. Doa likiisha, acha hapo hapo. Mpigo mmoja wa ziada unalifupisha jino, na jino fupi halikati. Yale marefu yanabeba kazi yote na msumeno unarukaruka.

Idadi ya mipigo iwe sawa, na nguvu iwe sawa. Mwanga wa asubuhi ukitoka mbele yako unasaidia kuviona vijidoa kuliko wa jua la saa saba.

Mwisho laza msumeno juu ya ubao na pitisha upande laini wa jiwe ubavuni mwa meno, mara moja kila upande, bila kukandamiza. Kisha jaribu kwenye mbao, ukifuata mstari wa penseli. Ukivutwa kulia, meno ya kulia yamepindwa zaidi: pitisha jiwe upande huo mara moja, jaribu tena. Ukibanwa, upindo ni mdogo. Ukiacha njia pana yenye mikwaruzo, upindo ni mkubwa au baadhi ya meno yametokeza. Ukiteleza juu ya ubao bila kuuma, mpini wa tupa ulishuka au kuinuka, au vijidoa vingine havikuisha. Kwenye msumeno wa kukata wenye meno madogo, laza sindano kwenye mfereji ulio kati ya safu mbili za meno kisha inamisha msumeno: ikiteremka mpaka mwisho bila kudondoka, safu zimekaa sawa.

Mteja akirudi baada ya siku mbili na msumeno butu, uliza alikuwa anakata mti gani kabla ya kujilaumu au kumlaumu. Mvule hujenga ndani yake vijiwe vya chokaa, vigumu na visivyoonekana kwa nje, na kijiwe kimoja kinatosha kulaza meno ya sm 10. Hapo noa sehemu iliyoumia, sawazisha kidogo, usianze upya msumeno mzima.

Futa bapa kwa kitambaa chenye oili nyepesi kabla ya kuukabidhi, hasa miezi ya mvua. Mawese hayafai kwa hili, yanaganda na kushika vumbi. Meno yafunikwe kwa kipande cha mpira wa tyubu kilichochanwa kwa urefu, na visu vifungwe kwa gazeti, makali yakielekea chini kwenye mfuko. Bei ipangwe kwa kazi: kisu ni bei moja, msumeno uliosawazishwa na kupindwa ni bei nyingine, na mteja aambiwe kabla tupa haijagusa chuma.